Odisheni ya komedi ya jukwaani: usije kuchekesha, njoo na shida yako

Vile vikundi vya maigizo vya kujitolea, ambavyo mwalimu, muuza duka, nesi na mwanafunzi wanakutana jioni baada ya kazi wanafanya mazoezi miezi miwili mitatu afu wanaonyesha wikiendi mbili, vikitangaza odisheni ya komedi ya zamani watu wanajaa kweli. Na wanakuja watu wenye vipaji. Ila wengi wanarudi nyumbani bila nafasi na kosa ni lile lile, wamekuja kuchekesha. Najua utasema komedi si ndo kuchekesha? Subiri nikueleweshe, maana hili jambo nalipenda na linaniuma kuona mtu mzuri anakosa nafasi kwa kitu ambacho angeambiwa mapema angekirekebisha nyumbani ndani ya siku tatu.

Mimi nimekaa pande zote mbili. Nimesimama mbele na karatasi inatetemeka mkononi, na miaka ya karibuni nimekaa upande wa pili wa meza nikimsaidia muongozaji kuandika majina na kusoma na wasailiwa. Kwaiyo haya nayoyasema ni ya kuona kwa macho.

Ili tusiongee juu juu nitachukua igizo moja nilitumie mwanzo mpaka mwisho, Mkaguzi Mkuu wa Serikali la Nikolai Gogol, lilionyeshwa mara ya kwanza Petersburg huko Urusi mwaka 1836 na mfalme mwenyewe Nicholas wa Kwanza alikuwepo ukumbini. Nimelichagua kwa sababu lipo kwa Kiswahili, Christon Mwakasaka alilitafsiri, na kwa sababu ukimhadithia mtu yeyote wa Dar au Mombasa au Bujumbura kisa chake hahitaji maelezo ya ziada. Kamji kadogo, viongozi wote wanakula rushwa, inakuja habari kwamba mkaguzi kutoka makao makuu yuko njiani na anakuja kwa siri. Wanapagawa. Wakati huohuo kuna kijana yuko kwenye nyumba ya wageni wiki ya pili sasa, anakula na kulala halipi, wao wanaamua lazima huyu ndo mkaguzi. Kumbe ni karani wa cheo cha chini kabisa aliyemaliza hela zake kwenye kamari. Basi. Hapo tayari kila mtu anaona sura za watu anaowajua.

Kama kikundi chenu kimetangaza igizo jingine, labda la Molière au la Shakespeare, nayoyasema yanafanya kazi vilevile, we badilisha majina tu. Na kama kuna mtu anakwambia hizi komedi za Wazungu haziingii kwenye Kiswahili mkumbushe mwaka 2012, ukumbi wa Globe kule London ulialika maigizo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, na Kiswahili kilipewa komedi, ile ya wake wa Windsor, na Mrisho Mpoto wetu ndo alikuwa Falstaff, mhusika mkuu.

Sasa turudi kwenye kuchekesha. Gogol baada ya onyesho la kwanza aliumia sana, sio kwamba watu hawakucheka, walicheka, ila yule mwigizaji wa kwanza wa Khlestakov, huyo karani, alimcheza kama muongo wa kawaida wa vichekesho vyepesi vya enzi zile, anakonyeza, anajua kwamba anadanganya. Gogol akasema hapana, huyu mtu hadanganyi kwa ujanja, anapoongea anajiamini mwenyewe, anafurahia maneno yake yanavyotoka. Baadaye akaandika maelekezo kwa waigizaji na kubwa kuliko yote alisema waogope kukuza mambo kupita kiasi, kwamba mwigizaji asipofikiria kabisa kuchekesha ndo atachekesha zaidi. Mwandishi wa komedi mwenyewe anasema hivo! Ni karibu miaka 200 na bado kwenye odisheni watu wanaingia wamekunja uso, sauti ya puani, wanachechemea, kabla hata hawajasoma mstari wa kwanza.

Nikuambie yangu. Odisheni yangu ya kwanza nilisomeshwa Meya, pale mwanzo kabisa anapowaambia wakubwa wenzake kwamba mkaguzi anakuja. Nilikuwa nimejiandaa, nikatoa sauti nene ya mzee mwenye kitambi, nikatoa macho, nikapigapiga meza. Kimya. Hakuna aliyecheka hata mmoja. Muongozaji akaniuliza taratibu, umewahi kupokea barua ya kazini ambayo ulijua ukiifungua maisha yako yanabadilika? Nikasema ndio. Akasema basi waambie wenzako kuhusu hiyo barua, usifanye kingine. Nikasoma tena, sauti yangu ya kawaida, mikono nimeiweka tu, na nilipofika pale Meya anaposema ameota panya wawili weusi wakubwa ajabu wamekuja wamenusa wameondoka, chumba kizima kikacheka. Sikufanya kitu. Niliogopa tu kama Meya anavyoogopa. Siku ile nilielewa somo ambalo nimelibeba mpaka leo, kwamba mtu wa kwenye komedi hajui kama yuko kwenye komedi, yeye yuko kwenye siku mbaya kuliko zote za maisha yake.

Waangalie wakongwe wetu kwa jicho hilo, marehemu King Majuto, marehemu Mzee Small. Mzee Majuto alipokuwa anakasirika kwenye igizo alikuwa anakasirika kweli, anadai haki yake kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Sisi ndo tulikuwa tunacheka, yeye hacheki.

KABLA YA SIKU YENYEWE

Soma igizo lote. Lote, sio ukurasa waliotuma kwenye grupu la WhatsApp. Nakala ikikosekana kikundini jaribu maktaba, kwa Dar kuna Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi, au muulize mwalimu wa fasihi, walimu wa fasihi wana vitabu ambavyo hata maduka hayana. Unaposoma mara ya kwanza soma kwa raha zako tu, mara ya pili chukua penseli, na kila mtu anapoingia jiulize huyu anataka nini na anaogopa nini. Andika kwa maneno machache pembeni. Hakimu anaogopa watagundua rushwa yake (yeye anajitetea eti anapokea watoto wa mbwa wa kuwindia tu, kwaiyo sio rushwa). Mkuu wa posta anafungua barua za watu na hana hatia yoyote moyoni, anasema anasoma kwa kupenda kujua dunia. Msimamizi wa hospitali, mkaguzi wa shule, kila mmoja ana doa lake. Ukishaandika hivo kwa wote utaona kitu, igizo zima ni chumba kilichojaa watu wenye hofu moja na kila mmoja anajificha nyuma ya mwenzake. Ukiingia kwenye odisheni unalijua hilo tayari umewapita watu wengi, kwa sababu wao wamesoma mistari yao tu.

Kuhusu nafasi ya kuomba. Wengi wataandika Meya au Khlestakov na hakuna ubaya, ila fikiria pia wale wengine. Bobchinsky na Dobchinsky ni wambea wawili wafupi wanaofanana kila kitu, ndo wanaoleta habari kwamba yule kijana wa nyumba ya wageni ndo mkaguzi, na watazamaji hawawasahau. Osip, mtumishi wa Khlestakov, ana njaa na ana akili kuliko bwana wake. Mke wa Meya na binti yao wana ushindani wao mkali wa chinichini juu ya huyo kijana wa mjini. Na kuna askari anaingia mwisho kabisa anasema mstari mmoja tu, kwamba mkaguzi wa kweli amefika na anawaita wote, na huo mstari ndo unaovunja mji mzima. Kwenye fomu ukiandika "niko tayari kwa nafasi yoyote" andika kama unamaanisha, maana utaulizwa tena, na ukionekana umenuna ulivyopewa askari jina lako linakumbukwa vibaya msimu ujao.

Vikundi vingine wanataka uje na kipande cha kusema peke yako cha dakika moja. Dakika moja ni dakika moja, jipime na simu, wakisema moja usilete tatu. Chagua kitu ambacho mtu anamwomba au anamshawishi mtu mwingine, hata kama huyo mwingine hayupo mbele yako, kwa sababu hapo una kazi ya kufanya. Mashairi ya huzuni yaache nyumbani, sio kwamba ni mabaya, ila muongozaji anatafuta mtu wa komedi na wewe unampa msiba. Ukitaka kuchukua ndani ya igizo lenyewe maneno ya Osip mwanzo wa tendo la pili ni mazuri, amelala kwenye kitanda cha bwana wake tumbo linamkata anawaza chakula na safari ilivyoharibika, ila jua na wengine watakuja nalo. Ile ya tendo la tatu Khlestakov amelewa anajisifia, tikiti maji la ruble 700 (hela ya Urusi), supu imekuja kwa meli moja kwa moja kutoka Paris, matarishi 35,000 wanamtafuta mitaani, hiyo naomba uifikirie mara mbili. Kila mtu anaipenda na karibu kila mtu anaipigia kelele. Ukiichukua icheze polepole mwanzoni, kama kijana ambaye hajawahi kusikilizwa na mtu maishani mwake na leo ghafla wakubwa wa mji mzima wamesimama hawathubutu kukaa mpaka awaruhusu. Utamu unampanda mwenyewe taratibu. Ukianza juu huna pa kwenda.

Ukishakihifadhi kipande chako kiseme ukiwa unaosha vyombo, ukiwa unapiga pasi, ukiwa unatembea kwenda kituoni. Kikiweza kutoka mikono ikiwa na kazi nyingine ndo kimeingia.

SIKU YENYEWE

Fika mapema, kwa foleni za kwetu mapema maana yake ni nusu saa kabla, kama unategemea mabasi ya mwendokasi jioni ongeza tena. Vaa nguo unayoweza kukaa chini, kuinama, kuanguka, viatu visivyoteleza. Usije na vazi la mhusika, ukivaa kofia ya Meya wanaona kofia. Beba maji, penseli, na kalenda yako.

Kalenda hii nisisitize kidogo. Kwenye fomu kuna sehemu wanauliza siku ambazo hutapatikana kwa mazoezi, na watu wanaiacha wazi wakiogopa kukosa nafasi, afu wiki ya nne wanasema ooh nina harusi ya shangazi Moshi. Kikundi cha kujitolea hakilipi mtu, kinachotulipa ni kuheshimiana muda. Andika harusi, andika mtihani, andika zamu zako za usiku. Muongozaji akiona siku tano anaweza kupanga mazoezi kuzizunguka, akija kuzigundua baadaye hawezi. Nimeona mtu mzuri sana akiondolewa katikati kwa hilo na kila mtu aliumia, yeye na sisi.

Ukisubiri zamu yako ndani ya chumba sikiliza wengine wanavyosoma na cheka kama kuna cha kucheka. Wale wa mezani wanaona. Komedi ya watu 20 na kitu jukwaani inahitaji watu wanaofurahia wenzao wakipata.

Sasa kusoma. Mara nyingi utapewa karatasi pale pale na mtu wa kusoma naye. Omba dakika mbili za kuipitia, hakuna atakayekunyima, na kwenye hizo dakika mbili usihangaike kukariri, tafuta mambo mawili, huyu anataka nini kwa mwenzake, na ni mstari upi mambo yanageuka. Karatasi ishike chini ya kidevu kidogo, sio mbele ya uso, kidole gumba kitembee na mstari unaosoma ili ukiinua macho usipotee. Chukua maneno machache kwa jicho, inua uso, mwambie mwenzako. Hata ukichelewa. Kuchelewa kidogo huku unamtazama mtu ni bora mara kumi kuliko kukimbia huku umezika uso kwenye karatasi.

Na mwenzako akisoma usiangalie mstari wako unaofuata! Hili ndo linalowaangusha wengi kuliko yote. Msikilize. Komedi inakaa kwenye kusikia, sio kwenye kusema. Chukua ile sini ya tendo la pili Meya anaenda nyumba ya wageni kukutana na Khlestakov, nadhani hii ndo utasomeshwa kwa sababu waongozaji wanaipenda. Khlestakov anajua hajalipa chumba wala chakula, anaona Meya wa mji kaja, anaamini kaja kumfunga. Meya anaamini huyu ni mkaguzi, anajua yeye ndo atafungwa. Wote wawili wanatetemeka na kila mmoja anachukua hofu ya mwenzake kama hasira. Khlestakov anapandisha sauti kwa woga, Meya anasikia mkubwa anafoka, anazidi kunywea, anaanza kujitetea kwa mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Ukiwa husikilizi hiyo sini ni watu wawili wanapiga kelele. Ukisikiliza, kila neno la mwenzako linakuchoma mahali na jibu linatoka lenyewe, na watu wanacheka bila wewe kufanya lolote.

Hapa kuna kitu ambacho lugha yetu inatupa bure, na kwenye Kiingereza huwezi kukipata. Khlestakov ana miaka kama 23. Meya ni mzee aliyezeekea kazini. Kwenye mazoezi tuliwahi kujaribu Meya anapoingia amwamkie yule kijana shikamoo. Mzee mzima, na familia yake, anamwamkia mtoto wa rika la wanawe shikamoo. Mara ya kwanza mwigizaji aliifanya kwa mbwembwe, mkono kifuani, mgongo umepinda, ikawa kawaida tu. Mara ya pili muongozaji akamwambia hili neno halitaki kutoka mdomoni, lakini usipolitoa unafungwa. Akasimama. Akafungua mdomo. Akafunga. Akalitoa kwa sauti ndogo kabisa. Na yule kijana, ambaye hajawahi kupewa shikamoo na mtu maishani mwake, akageuka nyuma kuangalia nani ameamkiwa. Jamani, tulishindwa kuendelea dakika nzima. Ukisoma karatasi yako tafuta neno kama hilo, neno ambalo kwa mhusika wako ni zito kulibeba, na ulibebe kweli.

Sauti. Kumbi zetu nyingi hazina maiki za kuvaa, mtu wa kiti cha nyuma anatakiwa asikie. Sio kupiga kelele, kupiga kelele kunakausha koo na kunafanya mistari yote ifanane. Tatizo letu kubwa naona ni mwisho wa sentensi. Tunaanza na nguvu afu neno la mwisho tunalimeza, na kwenye Kiswahili neno la mwisho mara nyingi ndo lenye kichekesho chenyewe. Meya anawaambia watu wasafishe mji, anamgeukia Hakimu, kwamba walinzi wa mahakama wanafuga kwenye chumba cha kusubiria cha mahakama... mabata bukini. Ukimeza hilo "bukini" umeua mstari wote. Fanya hivi nyumbani, soma kila mstari na upandishe kidogo nguvu kwenye neno la mwisho mpaka mdomo uzoee, ukifika kwenye odisheni sahau, mdomo utakumbuka. Na majina ya Kirusi yatamke mara 20 kabla, Lyapkin-Tyapkin, Anton Antonovich, sio kwa sababu utahukumiwa kwa matamshi, bali ukijikwaa kwenye jina unapoteza pumzi na mwenzako anapoteza mstari.

Kuna nafasi itafika muongozaji atasema "vizuri, sasa nifanyie tofauti, kama vile una haraka" au "kama vile unamwonea huruma". Wengi moyo unashuka wanadhani wamekosea. Hapana. Ukiambiwa ufanye tofauti maana yake amevutiwa, anataka kujua kama unaelekezeka, kwa sababu atakaa na wewe miezi. Badilisha kweli, badilisha wazi mtu aone. Likiharibika sawa, hakuna anayeandika kwamba umeharibu, wanaandika kwamba umejaribu. Asiyebadilika hata kidogo, hata kama kusoma kwake kwa kwanza kulikuwa kuzuri, anatutia wasiwasi.

Wakitaka kuona mwili, kwenye igizo hili kuna Bobchinsky anachungulia mlangoni mwisho wa tendo la pili, mlango unang'oka na yeye anaingia jukwaani pamoja na mlango, baadaye tunamwona na plasta puani. Usijirushe kwenye odisheni kuonyesha kwamba unaweza kuanguka. Sakafu ni ngumu, na kuanguka kwa jukwaani kunafundishwa, kunafanyiwa mazoezi kwa hatua. Wakikuuliza sema niko tayari kufundishwa. Wanaweza pia kukupima kinyume chake, kusimama tuli. Igizo linaisha kwa kila mtu kuganda kama jiwe, na Gogol aliandika kwamba kundi lote likae hivo karibu dakika moja na nusu. Jaribu sasa hivi ulipo. Sekunde 20 za kwanza ni rahisi, ya 40 pua inawasha, baada ya hapo ndo unajua kama una utulivu. Mazoezi yake hayana gharama, simama mbele ya kioo kila asubuhi kabla ya kuoga.

Niongee kidogo kuhusu Bobchinsky kwa sababu kuna sehemu moja yake nikiisikia inanishika kila mara, na kama ningekuwa mimi muongozaji ningeisomesha kwa kila mtu. Tendo la nne viongozi wanaingia mmoja mmoja kwa "mkaguzi" kumpa hela, yeye anaziita mkopo. Hakimu 300, mkuu wa posta 300, inaenda hivo. Wanaingia Bobchinsky na Dobchinsky, anawaomba 1,000, hawana, wanajipekua mifukoni, mmoja ana 40, mwingine 25, jumla 65, anachukua hizohizo. Halafu Bobchinsky ana ombi. Hataki cheo, hataki msamaha wa kosa lolote. Anaomba tu mheshimiwa akirudi Petersburg awaambie wakubwa wote huko, na hata mfalme akimwona, kwamba katika mji fulani anaishi Pyotr Ivanovich Bobchinsky. Basi. Aseme tu kwamba yupo.

Watu wengi wanaisoma hiyo kama mjinga anaongea ujinga. Soma kama mtu ambaye ameishi miaka yote kwenye mji ambao hakuna gari linalosimama, hakuna aliyewahi kumuuliza jina lake mara mbili, na leo kwa mara ya kwanza amesimama mbele ya mtu anayetoka kule mambo yanakotokea. Atasema ombi lake mara moja tu maishani. Ukilisoma hivo watu watacheka, na wakati wanacheka kuna kitu kitawabana kooni, na yule wa mezani ataweka kalamu chini. Nimeona ikitokea. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa aibu, hajawahi kupanda jukwaa lolote, alikuja kumsindikiza rafiki yake akaombwa asome kwa kuwa tulikosa mtu wa pili. Alipata hiyo nafasi.

BAADA YA HAPO

Wanaweza kukuita raundi ya pili, hapo wanapanga watu wawili wawili watatu watatu kuona nani anaendana na nani. Ujue kuna mambo hayako mikononi mwako. Bobchinsky na Dobchinsky wanachaguliwa kama jozi, kama wewe ni mrefu na mwenzako bora ni mfupi mtakosa wote wawili na hakuna aliyesoma vibaya. Binti wa Meya anatakiwa aonekane mtoto wa yule mama aliyechaguliwa. Kwaiyo ukikosa usianze kujichambua usiku kucha. Tuma ujumbe mfupi wa shukrani, kama umekaa na skripti yao irudishe, na kama una nafasi waambie unaweza kusaidia nyuma ya jukwaa, kushona, taa, kushika skripti na kuwakumbusha waigizaji mistari. Hiyo ya kushika skripti ni shule kubwa, unalisikia igizo mara 40, unajifunza wapi watu wanacheka na kwanini jana hawakucheka. Waigizaji wazuri kadhaa ninaowajua waliingilia mlango huo.

Ukipata, jibu siku hiyohiyo, ndio au hapana, kwa sababu kuna mtu mwingine anasubiri jibu lako bila kujua. Na mazoezi ya kwanza njoo na penseli sio peni. Utaandika ingia kulia, muongozaji kesho atasema ingia kushoto, keshokutwa atarudi kulia.